Nani wa Kumjibu Kumalo?

Riwaya ipelekwapo jukwaani haiwezi kwenda na mali yake yote. Msomaji wa kitabu ana nafasi: akichoka hukiweka chini, na akiisha kupumzika hukichukua tena. Mtazamaji wa mchezo hana nafasi hiyo. Amekaa kitini kwa saa mbili au tatu, na katika muda huo ataka kuona mwanzo wa jambo, uzito wake na mwisho wake. Kwa hiyo mtu ageuzaye riwaya kuwa mchezo amefanana na msafiri anayefunga mizigo: achukuacho huonyesha akipendacho, na aachacho huonyesha alichodhani anaweza kwenda bila hicho. Ikiwa mchezo wenyewe ni wa nyimbo, mizigo haina budi kupunguzwa mara ya pili, maana neno liimbwalo huchukua muda mrefu kuliko neno lisemwalo.

Mfano ulio wazi wa safari hiyo ni mchezo uitwao Lost in the Stars, yaani Kupotea Katika Nyota, uliofunguliwa mjini New York tarehe 30 Oktoba 1949. Maneno yake yaliandikwa na Maxwell Anderson, na muziki wake ulitungwa na Kurt Weill. Wenyewe waliuita tanzia ya muziki. Asili yake ni riwaya ya Alan Paton wa Afrika Kusini, Cry, the Beloved Country, jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa Lia, Ewe Nchi Ipendwayo. Majina haya mawili yakiwekwa pamoja yatosha kuamsha swali. Jina la riwaya lasema na nchi. Jina la mchezo latazama nyota. Je, katika safari ya kutoka nchini hadi nyotani, ni nini kilichoachwa njiani?

Paton aliijua habari aliyoiandika. Tangu 1935 hata 1948 alikuwa mkuu wa Diepkloof, shule ya kurekebisha vijana wa Kiafrika waliotiwa hatiani, karibu na Johannesburg. Riwaya aliianza mwaka 1946 katika mji wa Trondheim, Norwei, alipokuwa safarini kutazama magereza na shule za namna hiyo katika nchi za ng'ambo, akaimaliza San Francisco kabla mwaka haujaisha. Ilitolewa New York mwezi Februari 1948. Mwezi Mei mwaka huo huo Chama cha National kilishinda uchaguzi wa Afrika Kusini, na ubaguzi wa rangi uliokuwako tangu zamani ukaanza kupangwa upya kuwa siasa ya nchi nzima.

Habari ya riwaya ni hii. Kasisi Stephen Kumalo wa kijiji cha Ndotsheni, Natal, asafiri kwenda Johannesburg kumtafuta mwanawe Absalom, naye amkuta gerezani. Kijana amempiga risasi na kumwua Arthur Jarvis, Mzungu aliyekuwa akiandika kutetea haki za Waafrika. Baba yake Arthur, James Jarvis, ni mwenye shamba kubwa juu ya bonde lile lile la Kumalo. Basi kuna wazee wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Mmoja ameuawa mwanawe, na wa pili angoja mwanawe anyongwe. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na riwaya yote ni kama ufafanuzi wa methali hiyo, katika nchi ambayo wazazi hao wawili hawawezi kuketi meza moja.

Si ajabu kwamba habari hii ilimvuta Kurt Weill. Alizaliwa Dessau, Ujerumani, mwaka 1900, na baba yake alikuwa mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Mwaka 1928 alipata sifa kubwa kwa Die Dreigroschenoper, mchezo alioutunga pamoja na Bertolt Brecht. Mwaka 1933 aliikimbia Ujerumani ya Wanazi, na mwaka 1935 akafika Marekani. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kizazi chake hahitaji kufundishwa maana ya ubaguzi. Walakini mtu aweza kuyajua maumivu bila kuijua nchi yanamotokea. Weill na Anderson walikuwa wakiwaandikia watazamaji wa New York, na Marekani nayo ilikuwa na ubaguzi wake wa kuungama. Tena wimbo ulioupa mchezo jina haukutungwa kwa ajili ya Kumalo. Ulitoka katika mchezo mwingine, Ulysses Africanus, ambao mabwana hao waliuanza mwaka 1939, wakitumaini kwamba Paul Robeson angeuigiza, nao haukumalizika. Wimbo ulikuwa umengoja miaka kumi kuupata mchezo wake.

Katika kazi ya kupunguza mizigo, watungaji hao walipata dawa moja iliyo bora. Riwaya ya Paton ina sura ambazo ndani yake hamna mhusika mwenye jina: ni sauti za watu wa mjini, weusi na weupe, zikisemezana juu ya hofu, nyumba na dhahabu. Sauti hizo walizikabidhi kundi la waimbaji, likiongozwa na mtu aitwaye Kiongozi, pamoja na mwenzake aitwaye Mwitikiaji. Msomaji aliyezoea ngoma za Afrika Mashariki hataona ugeni hapo: yupo atupaye neno na wapo walipokeao. Wimbo wa kufungulia, The Hills of Ixopo, umetoka katika ukurasa wa kwanza wa riwaya. Wimbo uitwao Fear wawaweka weusi upande mmoja na weupe upande wa pili, kila upande ukikiri hofu yake juu ya mwenziwe, na mtazamaji apata kwa dakika chache jambo ambalo riwaya ililieleza kwa kurasa nyingi. Weill hakuziiga nyimbo za Kizulu. Muziki wake aliupanga kwa wapigaji 12 tu, tena kwa mkono wake mwenyewe, ingawa desturi ya Broadway ilikuwa kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Uchache huo ulifaa, kwa kuwa bendi kubwa ingalimfunika mzee wa kijijini asiyejua kupaza sauti.

Mabadiliko mengine yaliwagusa wahusika. Msichana aliyechukua mimba ya Absalom, ambaye Paton hakumpa jina, jukwaani ameitwa Irina, naye amepewa nyimbo zilizo miongoni mwa bora katika mchezo wote. James Jarvis amefanywa mgumu kuliko alivyo kitabuni: katika onyesho la kituo cha treni achukizwa kumwona mwanawe akimwamkia Kumalo kama mtu amwamkiavyo mwenzake. Ugumu huo umewekwa makusudi ili kulainika kwake mwishoni kuonekane. Na mwisho wenyewe si ule wa Paton. Katika riwaya, usiku wa kunyongwa kwa Absalom, Kumalo apanda mlimani. Akutana na Jarvis njiani, wasema maneno machache, kisha angoja mapambazuko yeye na Mungu wake. Katika mchezo mlima umeondolewa. Jarvis aja nyumbani kwa Kumalo, na wazee wawili waingoja pamoja saa kumi ya alfajiri, saa ya kunyongwa.

Palipoleta mgogoro, hata hivyo, ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Kumalo amekwisha kujua kwamba mwanawe ni mwuaji, ndipo aimbapo ule wimbo wa zamani. Ni wimbo wa shaka: kwamba huenda Mungu, ambaye nyota zote ziko mkononi mwake, ameondoka na kuisahau hii ndogo ambayo wanadamu wanaishi juu yake. Paton alikuwapo New York mchezo ulipofunguliwa. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotolewa mwaka 1988, mwaka aliokufa, aliandika jinsi wimbo huo ulivyomtia uchungu, kwa sababu aliona maneno yake hayamfai mtu aliyewekewa kinywani. Kumalo aliyemwumba yeye alikuwa kasisi wa Kianglikana mwenye imani nyepesi kujeruhiwa lakini ngumu kufa.

Je, Paton alikuwa na haki? Wako watakaomjibu kwamba hata Zaburi zimejaa manung'uniko ya namna hiyo, na kwamba mwana wa mwimbishaji wa sinagogi alijua vema kuwa mtu aweza kumlalamikia Mungu bila kumkana. Jibu hilo lina nguvu, ila halimalizi shauri. Yafaa kukumbukwa kwamba Kumalo wa riwaya naye alisema jambo lililo karibu na hilo. Alimwambia Padre Vincent kwamba yaonekana Mungu amemgeuzia uso. Padre hakumkemea. Alikubali kwamba yaweza kuonekana hivyo, kisha akamhakikishia kwamba haiwi hivyo kamwe. Yaani katika riwaya shaka ilisemwa na ikajibiwa. Katika mchezo imeimbwa, pazia likaanguka, na watazamaji wakatoka nje kupumzika wakiwa nayo.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo historia ya mchezo huu yataka kusomwa kwalo. Padre Vincent hayumo katika mchezo. Msimangu, kasisi wa Johannesburg aliyemwongoza Kumalo mitaani, akamlisha, akamkosea, akamwomba radhi na mwisho akampa akiba yake yote, hayumo pia. Na yule kijana Napoleon Letsitsi, bwana shamba aliyeletwa Ndotsheni kuwafundisha watu kuutengeneza udongo uliokufa, naye ameachwa kitabuni. Kila mmoja wao alikuwa na neno la kumjibu Kumalo. Jukwaani mkewe amwonea huruma na ndugu yake John abishana naye, lakini mtu wa kuirudisha imani yake amebaki mmoja tu, naye ni Jarvis.

Katika hao walioachwa, Letsitsi ndiye hasara kubwa kuliko wote. Riwaya yaanza kwa udongo: majani ya juu ya vilima ni mazuri na mazito, ya bondeni yamekwisha, ardhi ni nyekundu na imechanika, na vijana wameikimbia. Yakaribia kwisha kwa udongo pia, kwa maziwa ambayo Jarvis awapelekea watoto wa kijiji, kwa mipango ya bwawa, na kwa kazi ya Letsitsi. Kumalo, kwa shukrani zake, auliza wangekuwa wapi lau kama si wema wa yule Mzungu. Letsitsi, kwa heshima zote, amkumbusha kwamba Wazungu ndio waliowaachia watu ardhi haba hivi, na ndio waliowatoa katika ardhi hiyo kwenda kufanya kazi. Ni maneno machache, na mzee hayafurahii sana. Lakini bila maneno hayo riwaya ingekuwa hadithi ya tajiri mwema na maskini mwenye shukrani. Wachunguzi wengi wamemlaumu Paton kwamba ametumaini mno wema wa mtu mmoja mmoja; lawama hiyo ina ukweli, lakini kitabuni yupo angalau kijana mmoja aliyekwisha kuisema. Mchezo umeanza kwa vilima vya Ixopo na kuwaacha hapo. Umechukua moyo wa riwaya, na ardhi umeiacha.

Tangu siku ile ya mwaka 1949, basi, mchezo umekuwa ukitafuta mtu wa kumjibu Kumalo, na mara nyingi jibu limetoka kwa waigizaji wenyewe kuliko kwa maandishi. Mwigizaji wa kwanza alikuwa Todd Duncan, chini ya uongozi wa Rouben Mamoulian, katika jumba la Music Box. Ndiye aliyekuwa Porgy wa kwanza katika Porgy and Bess mwaka 1935. Mwaka 1936, mchezo huo ulipopelekwa katika jumba la National mjini Washington, Duncan na wenziwe walikataa kuimba mahali ambapo watu weusi hawaruhusiwi kuketi na watazamaji wengine, na jumba likalazimika kuwafungulia watu wote kwa muda wa maonyesho hayo. Ushindi huo haukudumu: mwaka 1948 jumba hilo hilo liliona heri kuacha michezo na kugeuka sinema kuliko kuwapokea watu weusi, na michezo haikurudi humo hata 1952. Duncan alikuwa mwenyeji wa mji huo na amefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Howard. Alipoimba New York juu ya nyota iliyosahauliwa, hakuwa na haja ya kukisia giza lenyewe. Watazamaji wa Marekani waliodhani wanaoneshwa dhambi ya nchi ya mbali walikuwa na yao mbele ya macho.

Mchezo ulioneshwa mara 281, ukafungwa tarehe 1 Julai 1950. Kwa tanzia hesabu hiyo si haba, ingawa ni ndogo ikilinganishwa na South Pacific, mchezo wa nyimbo wa mwaka huo huo uliooneshwa mara 1,925. Weill hakuuona mwisho wake. Alikufa tarehe 3 Aprili 1950, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 50, mchezo ukiendelea kila usiku, huku yeye na Anderson wakiwa wameanza mwingine kutoka katika riwaya ya Huckleberry Finn.

Mwaka 1958 Opera ya Jiji la New York iliufufua, Lawrence Winters akiwa Kumalo na Julius Rudel akiongoza muziki. Tangu hapo mchezo umekuwa ukienda na kurudi baina ya nyumba za michezo na nyumba za opera, na kila upande umeona kwamba ni wa upande wa pili: waigizaji wengi hawaziwezi nyimbo zake, na waimbaji wengi hawayawezi mazungumzo yake.

Mwaka 1972 ulirudi Broadway, ukitoka Kennedy Center ya Washington, Kumalo akiwa Brock Peters. Ulioneshwa mara 39 tu. Peters alisifiwa, kwa hiyo si yeye aliyeuangusha. Nyakati zilikuwa zimebadilika. Katikati ya 1949 na 1972 Marekani ilikuwa imepitia mapambano ya haki za raia na kuuawa kwa Martin Luther King mwaka 1968. Afrika Kusini ilikuwa imepitia Sharpeville mwaka 1960 na kufungwa maisha kwa Nelson Mandela na wenzake mwaka 1964. Watazamaji vijana hawakutosheka tena kumwona mtu mweusi mwema akifarijiwa na mtu mweupe aliyetubu. Walikuwa wakimtafuta Letsitsi, bila kujua jina lake, na Letsitsi hakuwamo. Peters aliirudia sehemu hiyo katika filamu iliyoongozwa na Daniel Mann, iliyotoka mwaka 1974, na pengo lilikuwa lile lile.

Paton mwenyewe alipata nafasi ya kujaribu njia nyingine. Mwezi Machi 1960, mwezi ule ule wa Sharpeville, katika Ukumbi wa Jiji wa Durban, ulioneshwa mchezo wa nyimbo uitwao Mkhumbane, maneno yakiwa yake na muziki ukiwa wa Todd Matshikiza, aliyetunga muziki wa King Kong mwaka uliotangulia. Habari yake ni ya watu wa Cato Manor, mtaa ambao wakazi wake Waafrika walikuwa wakihamishwa kwa nguvu. Hakuna nyota katika jina hilo; ni jina la mahali, mahali pa kukaa watu. Mwaka huo huo serikali ilimnyang'anya Paton pasi yake ya kusafiria, asirudishiwe hata 1970.

Mwaka 2011 Kumalo alirudi katika nchi yake. Opera ya Cape Town iliuonesha mchezo wa Anderson na Weill kwa ushirika na tamasha la Glimmerglass la Marekani, chini ya uongozi wa Tazewell Thompson. Mwaka 2012 ulioneshwa Glimmerglass kwenyewe, Eric Owens akiwa Kumalo, na mwaka 2016 Owens huyo huyo aliuimba Washington, katika Kennedy Center. Jambo la Cape Town lastahili kutazamwa peke yake. Kundi la waitikiaji, lililoandikwa na Wamarekani wawili kwa ajili ya sauti wasizozijua, lilijazwa sasa na sauti za nchi yenyewe. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimeondolewa, na Waafrika walikuwa wamepiga kura tangu 1994. Lakini suala la ardhi lilikuwa halijaisha, wala halijaisha hata sasa. Upatanisho wa Kumalo na Jarvis, ambao mwaka 1949 ulikuwa ndoto, ulikuwa umekwisha kuhubiriwa na kuamriwa na serikali. Lile neno la Letsitsi ndilo lililokuwa bado linangoja zamu yake.

Haifuati kwamba mchezo huu ni mbaya. Mchezo mbaya usingalidumu miaka hiyo yote kwa muziki wa wapigaji 12. Saa kumi ya alfajiri, wazee wawili wakiwa chumba kimoja, ni onyesho ambalo riwaya haina, na hapana mzazi atakayeliona akatoka kama alivyoingia. Anderson na Weill walichagua, na walichochagua walikitenda vizuri. Hukumu iliyo ya haki ni kwamba walimpenda Kumalo hata wakamtenga na wenzake, ili huzuni yake ionekane vema. Na mtu akiisha kutengwa na wenzake, hubaki na mawili ya kuelekea: mbingu, au rehema ya mwenye shamba.

Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi anayekusudia kuipeleka riwaya jukwaani ana jambo la kujifunza hapa. Kabla hajahesabu maonyesho na nyimbo, na atazame wale wahusika wadogo ambao wasomaji huwasahau: kasisi wa pili, rafiki wa njiani, bwana shamba mwenye maneno machache. Aulize kila mmoja wao yuko hapo kumjibu nani, na juu ya nini. Kumwondoa mhusika mdogo ni rahisi, nako huokoa dakika kumi. Baadaye shujaa huuliza swali lake, na aliyekuwa na jibu hayumo jukwaani.